Wimbo Bila Sahihi: "Malaika" na Suala la Mwenye Wimbo

Utangulizi

Baina ya mwaka 2006 na mwaka 2013 watazamaji wa televisheni katika Afrika ya Mashariki walishuhudia misimu sita ya shindano la vipaji lililoitwa Tusker Project Fame. Vijana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye kutoka nchi jirani, waliwekwa katika nyumba moja, wakafundishwa uimbaji, na kila juma wakapanda jukwaani mbele ya waamuzi. Mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Nyimbo zilizoimbwa humo kwa sehemu kubwa zilikuwa za watu wengine, zilizokwisha kupendwa kabla ya washindani kuzishika. Mwamuzi alipima sauti, mtazamaji akapiga kura kwa simu, na usiku ulipokwisha lililokumbukwa ni jina la aliyeimba. Jina la aliyetunga halikuwa na kura.

Yafaa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili walitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa halikuanza na televisheni. Wimbo mmoja wa Kiswahili ulikwisha kupitia njia hiyo hiyo zaidi ya miaka arobaini kabla ya shindano hilo kuanzishwa, nao ni "Malaika". Ulirekodiwa Nairobi kwa sauti ya Fadhili William. Ukaenea duniani kwa sauti ya Miriam Makeba. Na hata leo wapo wengi, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili, wauitao wimbo wa Makeba. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na hasa kuonyesha kwamba sehemu ya sababu imo katika lugha ya wimbo wenyewe. Inadaiwa hapa kwamba "Malaika" ni utungo usiotia sahihi, na kwamba utungo wa namna hiyo hupotewa na mtunzi wake kwa urahisi kuliko tungo za kale za Kiswahili.

Njia ya wimbo

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika jamii ya Wataita. Mwaka 1960, akiwa na kundi lake la Jambo Boys, aliurekodi wimbo wa "Malaika", na baadaye kidogo, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960, akaurekodi upya katika studio ya Equator Sound iliyoendeshwa na Charles Worrod jijini Nairobi. Studio hiyo ilikuwa kiini cha muziki wa dansi wa Kenya wakati huo. Humo walipita Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wageni kutoka Zambia kama Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Fadhili mwenyewe aliliongoza kundi la studio. Sahani za santuri zilizotoka humo zilisafiri kwa gari moshi na kwa mabasi hadi katika maduka ya miji midogo, na idhaa ya redio, iliyoitwa Sauti ya Kenya tangu mwaka 1964, ikazifikisha mahali ambapo gramafoni haikufika.

Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni tangu mwaka 1960, alizuru Kenya mwaka 1962 akiunga mkono harakati za uhuru. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa sahani ndefu iliyoitwa "An Evening with Belafonte/Makeba", na ndani yake wimbo wa Nairobi ukaimbwa na wote wawili. Jina lake liliandikwa kwanza kwa Kiingereza, nalo la Kiswahili likafuata kati ya mabano. Mwaka 1966 sahani hiyo ilipata tuzo ya Grammy katika kundi la nyimbo za kienyeji. Kutoka hapo wimbo haukurudi nyuma. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden, ambalo Benny Andersson alikuwa mpiga kinanda wake kabla ya ABBA kuwako, liliurekodi. Usha Uthup wa India aliuimba. Kundi la Boney M lenye makao yake Ujerumani liliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautia katika sahani yake ya "Logozo" mwaka 1991.

Fadhili William, kwa upande wake, aliishi Marekani kwa miaka mingi, katika nchi ile ile iliyoutuza wimbo huo, kisha akarejea Kenya. Alifariki dunia mwezi wa Februari mwaka 2001.

Kabla ya sahani ya kwanza

Kama habari ingekomea hapo, ingekuwa habari iliyozoeleka ya mtunzi maskini na mrudiaji mashuhuri. Lakini "Malaika" una fundo jingine. Wako wanaoshikilia kwamba mtunzi wake ni Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916 na kuishi Nairobi katika miaka ya 1940, na kwamba aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana ambaye wazazi wake waliikataa posa yake. Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa kuwa ndiye mtunzi, na Grant Charo vilevile. Fadhili William hadi mwisho wa uhai wake alidai kuwa wimbo ni wake, na kwa kuwa ndiye wa kwanza kuurekodi, haki zitokanazo na wimbo zilimwelekea yeye.

Ugomvi huu hauwezi kuamuliwa katika makala ya lugha. Lakini maana yake kwa historia ya fasihi ni kubwa, nayo haijasisitizwa vya kutosha. Ikiwa dai la Salim au la Tututu lina ukweli, basi sahani ya mwaka 1960 yenyewe ilikuwa ni marudio. Fadhili atakuwa aliuchukua wimbo uliokuwa ukiimbwa katika mabaraza na kumbi za dansi, akautia sauti yake na gita lake, na kuufanya mashuhuri kuliko ulivyokuwa kwa mwenyewe. Alilotendewa na Makeba litakuwa ni lile alilomtendea mwingine. Ndipo inapoonekana kwamba suala si la mwimbaji mmoja wa ng'ambo na mtunzi mmoja wa Nairobi. Ni suala la aina ya utungo: kwa nini wimbo huu umewezekana kudaiwa na watu wanne bila wimbo wenyewe kutoa ushahidi kwa yeyote kati yao?

Sahihi katika tungo za Kiswahili

Mtu aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili wa kale angeshangazwa na swali hilo. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mnamo mwaka 1858, alijitaja ndani ya utendi huo na kuutia tarehe ya Hijra. Kujitaja hivyo ilikuwa ni desturi ya watunzi wa tenzi: kabla ya tamati, mtunzi hueleza yeye ni nani, hukaa wapi, na pengine beti zake ni ngapi, ili mnakili asipunguze wala asiongeze. Washairi wa magazeti ya karne ya ishirini waliirithi desturi hiyo. Beti ya mwisho hufunga kwa jina au lakabu, na chini yake hufuata mji na sanduku la posta. Jina limefumwa katika mizani na vina. Anayetaka kulitoa hana budi kuibomoa beti nzima.

Taarab ilianza kulegeza kifundo hicho. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, aliimba maneno yake na ya wengine pia, na kwa wasikilizaji wa Pwani nyimbo zote zilikuwa "za Siti". Hata hivyo katika taarab jamii ilikuwa ndogo na habari zilijulikana. Mtunzi aliweza kuonyeshwa kwa kidole barazani.

Muziki wa dansi wa mijini uliondoa kifundo chenyewe. Wimbo wa dakika tatu hauna nafasi ya dibaji wala tamati. Kazi ya kumtaja mtunzi ilihamishwa kutoka katika maneno ya wimbo ikapelekwa kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Karatasi hiyo huandikwa na mwenye studio. Huandikwa upya kila sahani inapotolewa katika nchi nyingine. Na redioni haionekani kabisa. Kwa maneno mengine, sahihi ilitoka mkononi mwa mtunzi ikaingia mkononi mwa mfanyabiashara.

Ushahidi wa lugha

Tukiyatazama maneno ya "Malaika" wenyewe, twaona jinsi yalivyomrahisishia mgeni. Masimulizi yake ni machache. Kijana anampenda msichana, angemwoa, hana mali, fedha zinamsumbua. Hapana jina la mtu, hapana jina la mji, hapana kabila wala mwaka. Mpendwa anaitwa kwa majina mawili ya mahaba tu, na yote mawili yaweza kumfaa yeyote.

La kwanza ni "malaika". Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako umbo hili ni la wingi. Katika Kiswahili hutumika kwa umoja na wingi bila kubadilika. Msemaji wa Kiswahili hulijua pia kwa maana ya mtoto mchanga, na kwa maana ya vinyweleo laini vya mwilini. Kijana anayemwita msichana malaika anagusa utakatifu, uchanga na ulaini kwa neno moja. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1965 iliweza kubeba maana ya kwanza tu. La pili ni "kidege", ambalo ki- yake ya udogo ingeweza kuwa ya dharau katika mazingira mengine, lakini hapa ni ya mapenzi. Hisia hizi zote hubaki kwa mwenye lugha. Mgeni hupokea lahani na sauti nzuri ya irabu.

Kitenzi cha kuwaza chastahili kutazamwa zaidi. Katika nakala nyingi za maneno ya wimbo huu huandikwa "hukuwaza". Umbo hilo lina uchambuzi wa namna mbili. Kwanza, hu- ya mazoea, -ku- ya mtendwa wa nafsi ya pili, na mzizi: yaani, kila mara ninawaza juu yako. Pili, hu- ya kukanusha nafsi ya pili, -ku- ya wakati uliopita katika ukanushaji, na mzizi ule ule: yaani, wewe hukufikiri. Uchambuzi wa kwanza unatoa tamko la mpenzi. Wa pili unatoa lawama. Mkazo hautofautishi maumbo haya, wala maandishi hayayatofautishi. Kinachoamua ni muktadha peke yake.

Tena, hu- ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi ya mtenda. Yule anayewaza hatajwi. Msikilizaji humjaza mwenyewe. Basi katika mahali ambapo moyo wa wimbo unafunuliwa, sarufi imeacha kiti kitupu, na yeyote anayeimba hukikalia. Mtunzi wa utendi alihakikisha kwamba kiti hicho kina jina lake. Mtunzi wa "Malaika", awe nani, alikiacha wazi, na huo ni uzuri wa wimbo na hasara yake kwa pamoja.

Jambo la tatu ni kitenzi -oa. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wimbo unatumia -oa pamoja na -nge- ya sharti lisilotimia, na kwa hiyo nafsineni yake ni mwanamume bila shaka yoyote. Makeba alipouimba, na Kidjo baada yake, kitenzi cha kiume kilitoka katika kinywa cha mwanamke. Kwa Kiingereza, ambamo kitenzi ni kimoja kwa wote, hapana ajabu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili ipo ajabu ndogo, naye huitatua kwa kukubali kwamba mwimbaji anasema kwa niaba ya mwingine. Yaani kila mwanamke aimbapo "Malaika", sarufi yenyewe inamkumbusha msikilizaji kwamba aliyesema maneno haya kwanza ni mtu mwingine. Hii ndiyo alama ya pekee ya mtunzi iliyobaki ndani ya wimbo: jinsia yake. Haimtoshi mahakamani, lakini ni ushahidi wa kweli.

Wimbo ulivyofika Eldoret

Mpaka hapa habari imekuwa ya Nairobi, ya Pwani na ya ng'ambo. Lakini suala la mwenye wimbo lina sura nyingine kwa msikilizaji wa bara, na Eldoret ni mfano mzuri. Mji huu ulianza kwa posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba la walowezi lililokuwa na namba tu, na namba hiyo ya Kiingereza, sitini na nne, wenyeji wakaigeuza kuwa "Sisibo". Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Kiswahili kilikuja pamoja na reli, mashamba, polisi na maduka, kikawa lugha ya kuwaunganisha Wanandi na Wakeiyo na Waluhya, Wagikuyu, Waluo na Wahindi. Kwa walio wengi hakikuwa lugha ya mama.

Kwa msikilizaji wa mji wa namna hii, sauti ya Fadhili na sauti ya Makeba zilikuja kwa chombo kimoja. Hakumjua jirani aliyewahi kuwa na Salim Nairobi, wala hakukaa baraza moja na Tututu Mombasa. Redio haikumpangia tarehe. Aliyesikia kwanza sauti ya Makeba aliuhesabu wimbo kuwa wa Makeba, na hakuna jambo katika maneno ya wimbo lililoweza kumsahihisha. Ni kama lile jina la Sisibo: latumika kila siku, na asili yake haisikiki tena mpaka mtu aelezwe.

Lugha ya bara inaongeza ugumu wa pili. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara ya Kenya, mazoea mara nyingi huonyeshwa kwa kiambishi -nga mwishoni mwa kitenzi, na hu- ya mazoea husikika zaidi shuleni na vitabuni. Kwa hiyo mwanafunzi aliyelelewa katika mazungumzo hayo, anapokutana na "hukuwaza" bila maelezo, aweza kuelekea kwenye ukanushaji kwanza, na kumsikia kijana wa wimbo akilaumu mahali ambapo analia kwa mapenzi. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 nje kidogo ya Eldoret, na vyuo vingine vya bara vinawapokea wanafunzi wa aina hiyo kila mwaka. Wimbo huu mmoja ungeweza kuwafundisha mofolojia ya kitenzi kwa mvuto kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Hoja ya upande wa pili

Itasemwa kwamba kurudia wimbo si wizi, na hoja hiyo ina nguvu. Bila ya Makeba, "Malaika" huenda ungebaki pamoja na nyimbo nyingine nzuri za Equator Sound ambazo leo zinakumbukwa na wazee na wakusanyaji wa santuri. Lafudhi yake nayo ilikuwa ya heshima: mwana wa Mxhosa na Mswati, aliyekulia katika lugha za Kibantu zenye silabi wazi na zinazorefusha silabi ya pili kutoka mwisho, aliyatamka maneno kwa namna iliyo karibu na Kiswahili kuliko warudiaji wa Ulaya. Aliimba kwa lugha ya asili mbele ya hadhira ambayo haikuielewa, na kwa kufanya hivyo alikifikisha Kiswahili mahali ambapo vitabu vyake havijafika. Itasemwa pia kwamba fasihi simulizi huishi kwa kurudiwa.

Lakini kuna hatari katika hoja hii ya mwisho. Mwanazuoni anapouita wimbo wa mwaka 1945 au 1960 "wimbo wa jadi", au anapouingiza katika fasihi simulizi kwa sababu tu mtunzi wake anabishaniwa, anaufanya ubishi kuwa ukimya. Utungo wa jadi hauna mtunzi anayejulikana. "Malaika" una wadai wanne. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, mwaka ule ule ambao sahani ya Belafonte na Makeba ilituzwa; ikatunga sheria mpya mwaka 2001, mwaka aliofariki Fadhili. Sheria huweza kumlinda aliyeandikishwa. Haiwezi kumrudisha ambaye hakuandikwa popote.

Yafaa kulinganisha na "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison wa kundi la Them Mushrooms la Mombasa na kurudiwa na Boney M mwaka 1983. Wimbo huo nao ulikwenda mbali kuliko wenyewe, lakini jina la mtunzi halikupotea, kwa kuwa kundi lilikuwako, likiendelea kupiga muziki na kulitaja. Sahihi iliyokosekana ndani ya maneno ilishikiliwa na watu nje ya maneno. Salim na Tututu hawakuwa na kundi la namna hiyo nyuma yao.

Hitimisho

Mashindano ya vipaji yataendelea kuwako, na kijana mwenye sauti nzuri ataendelea kuupandisha wimbo wa mwingine hadi mahali ambapo mwenyewe hakuufikisha. Hakuna haja ya kumzuia. Lakini walimu na wahariri wa Kiswahili wana wajibu wao. Kila wimbo wa dansi unaponukuliwa darasani au kuchapishwa katika mkusanyiko, yafaa yatajwe mambo matatu mbalimbali: nani anasemekana kuutunga, nani aliurekodi kwanza na mwaka gani, na nani aliueneza. Pale penye ubishi, majina yote ya wadai yaandikwe. Katika habari ya "Malaika" hayo yatahitaji mistari miwili au mitatu, nayo ni michache kuliko beti moja ya tamati ambayo mtunzi wa kale angeiandika mwenyewe. Kwa kuwa mtunzi wa wimbo huu hakuiandika, kazi hiyo imebaki kwa wasomi.